Kidonge cha rangi mbili si dawa ya kila homa

Mvua za masika zikishika Bukoba na Muleba, kila nyumba huwa na mtoto anayekohoa. Mafua yanaanza kwa mkubwa aliyetoka nayo shuleni, siku ya pili yanahamia kwa mdogo, na kabla wiki haijaisha bibi naye anatafuta leso. Ndipo mzazi anapofungua kabati au kile kikopo kilicho juu ya kabati, akakuta vidonge sita vya rangi mbili vilivyobaki mwaka jana. Au anamtuma kijana dukani na shilingi elfu moja: "Mwambie akupe za kikohozi, zile kali."

Uamuzi huo huchukua dakika moja tu, lakini madhara yake hudumu muda mrefu. Makala hii ni kwa ajili ya dakika hiyo. Tuangalie antibayotiki ni dawa ya nini, inatumikaje nyumbani, na kwa nini matumizi ya holela yanaweza kumfikia mtoto wako siku ambayo dawa hiyo ndiyo atakayoihitaji kuliko kitu kingine chochote.

Inaua nini, na haiui nini

Antibayotiki huua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Katika kundi hili zimo amoksilini, Ampiclox, Septrin, Flagyl, doksisaiklini, sipro, azithromisini ambayo wengi huiita Azuma, na sindano za penisilini na seftriaksoni. Zinatibu nimonia ya bakteria, kuhara damu, usaha kwenye sikio, kidonda kilichotunga usaha, kaswende na maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa magonjwa hayo zinaokoa maisha, na kumnyima mtoto dawa anayoistahili ni kosa kubwa kama kumpa asiyoistahili.

Haziui virusi. Mafua ya kawaida husababishwa na virusi, na vivyo hivyo kikohozi kingi cha watoto na maumivu mengi ya koo. Kuhara kwa majimaji kusiko na damu kwa watoto wadogo mara nyingi huletwa na virusi pia. Mtoto wa namna hiyo akipewa amoksilini, atapona kwa sababu siku zake za kupona zimefika, na mzazi ataisifu dawa isiyohusika. Mwakani atainunua tena.

Watu wa Bukoba Vijijini wanayo kumbukumbu nzito ya tofauti kati ya virusi na bakteria. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera. Watu 9 waliugua na 6 wakafariki, na mlipuko ulitangazwa kuisha tarehe 2 Juni mwaka huo. Mwanzoni Marburg huja na homa, kuumwa kichwa, kutapika na kuhara, dalili ambazo kila mmoja wetu angeziita malaria au taifodi. Marburg ni kirusi, na hakuna antibayotiki inayokigusa. Aliyekaa nyumbani akimeza vidonge vya dukani alipoteza siku zake na kuwaweka hatarini waliomuuguza. Kwa hiyo homa kali yenye kutapika na kutoka damu ni ya kuwahishwa kituoni, haisubiri dawa ya kabatini.

Antibayotiki za kawaida haziponyi malaria pia, na Kagera ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Mtoto mwenye homa apimwe kwanza. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya nusu saa, na jibu hilo ndilo linaloonesha njia.

Nimonia: hesabu pumzi kwa saa ya simu

Mzazi anaweza kutofautisha vipi mafua na nimonia? Ipo njia ambayo wahudumu wa afya huitumia kila siku, na unaweza kuifanya kwa simu uliyoishika sasa hivi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, funua kifua chake na hesabu kinavyopanda kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwani pumzi za mtoto hazina mwendo mmoja.

Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka mno. Mtoto wa miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi. Mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Akizidi hapo, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea kwa ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, au akishindwa kunywa na kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akiwa mlegevu na mgumu kuamka, usingoje asubuhi. Na mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa ni mgonjwa wa dharura, hata kama anaonekana anacheza.

Kwa wanaoishi visiwani Muleba, kama Bumbile, Goziba na Ikuza, ushauri huu una uzito wa pekee. Ziwa likichafuka mtumbwi hauondoki. Ndiyo maana dalili ya kupumua haraka inatakiwa ionekane mapema, wakati bado kuna mwanga na ziwa limetulia, isije ikagundulika saa sita usiku.

Cheti kina maana yake

Maduka ya dawa muhimu, ambayo mpango wake ulianzia Ruvuma mwaka 2003, yamewasaidia sana watu wa vijijini. Leo mkazi wa Kamachumu au Nshamba hahitaji kwenda mjini Bukoba kutafuta dawa. Lakini duka la dawa muhimu limeruhusiwa kuuza antibayotiki chache tu, na kwa cheti cha daktari. Cheti si usumbufu wa serikali. Ni ushahidi kwamba kuna mtu aliyemwona mtoto, akamsikiliza kifua, akampima uzito na kuamua aina ya dawa, kiasi na siku.

Uzito ndiyo sehemu inayosahaulika. Mtoto wa miaka 3 mwenye kilo 10 na mwenzake mwenye kilo 16 hawapewi dozi moja. Kwa hiyo dozi ya mtoto wa jirani haiwezi kuwa ya mtoto wako, hata kama wamelala chumba kimoja na wanakohoa sauti moja.

Ukifika dukani na cheti chako, usione haya kuuliza. Mtoa dawa yupo kwa ajili hiyo. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Habari za kazi, dada. Cheti cha mtoto hiki hapa."

"Nzuri, mama. Anaumwa nini?"

"Kifua, waitu. Daktari amesema nimonia. Hii dawa inaitwaje, na nampa mara ngapi?"

"Ni amoksilini ya kuyeyusha. Asubuhi na jioni, siku tano. Aliwahi kudhurika na dawa yoyote?"

"Hapana. Na tarehe ya kuisha muda wake iko wapi?"

"Hii hapa, mama. Soma mwenyewe."

Maswali ni hayo tu: jina la dawa, kiasi, mara ngapi, siku ngapi, kabla au baada ya kula, na mwisho wa matumizi. Mwombe aandike kwenye bahasha ya dawa kwa maandishi yanayosomeka. Maandishi ya 1x3 yana maana ya kidonge 1 mara 3 kwa siku. Ukiona namba usiyoielewa, uliza kabla hujatoka mlangoni.

Pia sema wazi kama una ujauzito, unanyonyesha, au unatumia dawa nyingine. Doksisaiklini na tetrasaiklini, kwa mfano, hazipewi mama mjamzito wala mtoto mdogo bila sababu maalumu ya kitabibu, kwani zinaweza kuharibu rangi ya meno yanayoota.

Namna ya kuitumia nyumbani

Gawanya saa, usigawanye milo. Mara 3 kwa siku maana yake ni kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Mara 2 ni kila baada ya saa 12, mathalani saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Dawa inatakiwa iwe mwilini kwa kiwango kile kile mchana na usiku. Weka kengele kwenye simu, na kama unaenda shambani au sokoni, mwachie bibi au dada maelekezo yaliyoandikwa. Kila dozi ikishatolewa, mtie alama kwenye karatasi, mtoto asije akapewa mara mbili na watu wawili.

Dawa ya unga ya kuchanganya. Tikisa chupa ili unga ulegee. Tia maji yaliyochemshwa na kupoa, kidogo kwanza, tikisa, kisha ongeza hadi kwenye alama. Usizidishe maji ili dawa "iwe nyingi", na usiyapunguze ili "iwe kali". Tikisa kila mara kabla ya kumpa. Nyingi zikishachanganywa hutumika kwa siku 7 tu; soma karatasi yake, na kinachobaki usikihifadhi kwa ajili ya homa ijayo.

Kipimo. Vijiko vya jikoni havilingani. Kimoja hubeba mililita 3, kingine 7. Tumia kikombe kidogo kinachokuja na chupa, au omba bomba la sindano lisilo na sindano.

Kidonge cha kuyeyusha. Kitie kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama, kiyeyuke, mpe yote. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi. Akiendelea kutapika kila anapopewa, mrudishe kituoni.

Dozi ikisahaulika. Mpe mara unapokumbuka. Kama saa ya dozi inayofuata imekaribia, iache ile, uendelee na ratiba. Usimpe mbili kwa mpigo.

Chakula na vinywaji. Amoksilini inaweza kunywewa na chakula au bila chakula. Sipro na doksisaiklini zisimezwe pamoja na maziwa, vidonge vya madini ya chuma au dawa za kiungulia, kwa sababu huzuia dawa isiingie mwilini ipasavyo. Anayemeza Flagyl aachane na pombe, lubisi ikiwemo, mpaka dozi iishe na siku chache zipite.

Siku zilizoandikwa. Homa ya nimonia mara nyingi hushuka siku ya pili au ya tatu, na hapo ndipo kishawishi kinapokuja: "Amepona, hizi nyingine tumwekee mdogo wake." Kushuka kwa homa hakumaanishi kwamba bakteria wote wamekufa. Fuata siku ulizoandikiwa, usizipunguze na usiziongeze. Kama baada ya siku 2 hadi 3 hajapata nafuu, usinunue dawa nyingine ya kuongezea, mrudishe kwa aliyemtibu.

Dawa ikimkataa

Kuhara kidogo au kichefuchefu hutokea kwa wengi. Mpe vinywaji, endelea kumnyonyesha, na mwambie mtoa huduma. Lakini zipo dalili ambazo zikitokea dawa inaachwa hapo hapo na safari ya hospitali inaanza: kuvimba midomo, macho au ulimi, kupumua kwa shida, vipele vinavyowasha mwili mzima, ngozi kutoa malengelenge au kuchubuka, au vidonda mdomoni na machoni. Penisilini na ndugu zake, pamoja na Septrin, zinaweza kuleta hayo kwa watu wachache. Yakishatokea mara moja, jina la dawa liandikwe kwenye kadi ya kliniki na lisemwe kila unapokwenda kutibiwa. Mtoto anaweza kusahau, mama asisahau.

Makosa tunayoyaona kila siku

La kwanza ni nusu dozi. "Nipe za elfu moja" ni sentensi inayotokana na umaskini, na hakuna wa kuicheka. Msimu wa kahawa ukiwa bado, hela ni ya kuhesabu. Ila nusu dozi hupunguza bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wale walio wagumu. Kumbuka kwamba sera ya afya nchini imewasamehe gharama watoto wa chini ya miaka 5 na wajawazito katika vituo vya umma. Anzia huko. Kama dawa haipo, omba cheti, kisha mwambie mtoa dawa ukweli kuhusu ulichonacho. Mara nyingi dawa ya kwanza kwenye mwongozo wa matibabu ndiyo ya bei nafuu.

La pili ni kugawana. Anayehudhuria kliniki ya CTC anaweza kupewa Septrin ya kumkinga kila siku. Jirani anayeomba vidonge viwili vya kifua anamwachia mwenzake pengo la kinga, na yeye mwenyewe hapati tiba.

La tatu ni "UTI sugu" na taifodi isiyokwisha. Wengi wamezunguka na antibayotiki tano tofauti kwa majina hayo mawili. Kipimo cha damu cha taifodi kiitwacho Widal kinaweza kuonesha alama za maambukizi ya zamani, na mkojo wa kawaida hausemi ni bakteria gani. Ukitibiwa mara mbili bila kupona, uliza kuhusu kuotesha mkojo au damu maabara, ambako bakteria huoteshwa na kujaribiwa dawa gani inawaua.

La nne ni kikohozi cha wiki mbili au zaidi. Hicho kinapimwa kifua kikuu. Kila antibayotiki ya dukani inayomezwa kabla ya kipimo inachelewesha jibu, na wakati huo watoto wa nyumba hiyo wanaendelea kuvuta hewa ile ile. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali.

La tano liko bandani. Kuna wanaofungua kapsuli za binadamu kwenye maji ya vifaranga, na wanaouza mayai siku ile ile kuku walipotibiwa. Dawa ya mifugo itolewe kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti ziheshimiwe kabla ya kula yai, nyama au maziwa.

Usugu si hadithi ya mbali

Bakteria wakizoea dawa, kitaalamu huitwa usugu wa vimelea dhidi ya dawa, au UVIDA kwa kifupi. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya jambo hili mwaka 1945 alipopokea tuzo ya Nobel: kutumia dozi ndogo mno kunawafundisha bakteria kuishi nayo. Mwaka 2019 peke yake, watafiti walikadiria kuwa watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi sugu ya bakteria, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito zaidi.

Hapa nchini, utafiti uliofanyika kwa watoto waliolazwa Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionesha kuwa usugu wa dawa uliongeza uwezekano wa mtoto mwenye bakteria kwenye damu kufariki. Kwa kundi moja la bakteria hao, vifo vilikuwa zaidi ya mara mbili ya vile vya malaria.

Na hapa Kagera tumeuona usugu kwa sura nyingine. Utafiti uliofanyika Karagwe mwaka 2022 ulikuta vimelea vya malaria vinavyochelewa kufa mbele ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto. Dawa mseto bado ziliponya, lakini onyo limetolewa. Vimelea vya malaria si bakteria, ila kanuni ni ile ile: kinachoshambuliwa na dawa bila kuuawa hujifunza.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani limezigawa antibayotiki katika makundi. Amoksilini iko kwenye kundi la kutumika kwanza. Azithromisini, sipro na seftriaksoni ziko kwenye kundi la kuangaliwa kwa makini. Anayeanza na "ile kali" kwa mafua ya kawaida anatumia akiba ya familia kabla njaa haijafika. Wizara ya Afya nayo imekuwa na kampeni ya Holela-Holela Itakukosti, na jina lenyewe limeshasema yote.

Cha kufanya kabla ya kuugua

Dawa nzuri kuliko zote ni ile ambayo mtoto hakuihitaji. Chanjo ya nimonia na ile ya kuhara kwa rotavirusi zinatolewa nchini tangu 2013. Hakikisha kadi ya mtoto imejazwa. Osha mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kumlisha. Chemsha maji ya kunywa, hasa kwa wanaochota ziwani. Mnyonyeshe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Moshi wa kuni nao huumiza mapafu madogo, kwa hiyo mtoto asilale jikoni.

Mafua yakija hata hivyo, mpe vinywaji vya vuguvugu, mnyonyeshe mara kwa mara, safisha pua yake, na paracetamol kwa uzito wake kama ana homa na amepimwa malaria. Akihara maji, ORS na zinki ndizo dawa zake. Majani ya omubilizi na mitishamba mingine ambayo bibi zetu wanaijua isimezwe juu ya dawa ya hospitali bila kumwambia daktari, na mtoto mchanga asipewe kabisa.

Leo jioni, kabla hujalala, fungua lile kabati. Toa vidonge visivyo na jina, vilivyopita muda na vilivyobaki kwenye dozi ya mtu mwingine. Usivitupe ziwani wala shimoni watoto wanakochezea. Muulize mtoa dawa au mhudumu wa zahanati namna ya kuviteketeza. Kabati libaki na paketi za ORS, paracetamol, kipimajoto kama unacho, na kadi za kliniki za watoto wote mahali pamoja. Homa ikija usiku, hivyo ndivyo utakavyovihitaji kwanza.